Mlango wa Mtoto

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi, mdogo wake marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Kona, kwa kuwa hapakuwa na kona ya mji huu asiyoijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, na mwaka 1979 akaajiriwa hospitali kuu kuwa dereva wa gari la wagonjwa, akipita vichochoro ambavyo wenzake waliapa gari haliingii. Mwaka 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa wana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, aliyefariki nyumbani kwa maradhi ya moyo mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakaiuza nyumba ile, wakahamia hii.

Mwaka 2017 aliugua homa ya ubongo, mwili ukapona, lakini daktari alitueleza kwamba ugonjwa umekula hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo yenye seli zinazoamka kila moja mahali pake, hii ukiwa mlangoni, ile ukiwa dirishani, mpaka mtu anapata ramani kichwani, na kwamba kaka hataweza tena kujifunza nyumba mpya, wala miaka ya karibuni haikumbuki. Njia za zamani zilibaki zote. Basi akawa anaishi nyumba ile ndani ya hii, chakula kikiiva anainuka, anakata kushoto, anafika ukutani, anaupapasa na kuuliza, "Mbona mmeziba mlango wa mtoto?"

Mwanzoni shemeji alimwambia ukweli, naye alilia kama aliyepata habari saa ile ile, kesho yake akalia upya, hadi shemeji akashindwa, akawa anajibu, "Amelala, mwache," naye anashusha sauti, anarudi mezani. Nasi tukazoea kunong'ona tukipita pale, na yupo kati yetu aliyewahi kutega sikio.

Jumanne iliyopita nimonia ilimzidi, na ndani ya gari la wagonjwa, akiwa amelala, alimwelekeza dereva kila kona bila kukosea, kisha akamgeukia mkewe, "Mtoto tumemwacha na nani?" Shemeji akamwambia, "Ametangulia, baba." Akasema, "Basi dereva akaze mwendo." Alifariki kabla ya lango la hospitali.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, na madereva wenzake waliombeba leo.

Kaka, umefika. Pumzika kwa amani.