Kimya, Dobi Aliyejificha Nyuma ya Boila

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, msimamizi wa kitengo cha dobi cha hospitali yetu anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Anavua aproni, anakabidhi funguo na kurudi kwa mkewe, ambaye ameshatuonya kwamba hataki mtu wa kumkagulia mashuka nyumbani kwake. Jina lake la kwenye fomu wanalijua watu wa ofisini. Sisi tunamwita Kimya. Nilifua naye miaka ishirini na mitatu kabla sijastaafu mimi, ndiyo maana nimeombwa niyaseme haya. Maneno ni yangu, mwandiko ni wa mjukuu wangu, na nimemkataza kuyapamba.

Alikuja kijana mwembamba, unaweza kumwanika kwenye kamba na asiipinde. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusukuma matoroli ya nguo chafu. Wiki ya pili akachanganya blanketi jekundu na makoti ya upasuaji, na madaktari wakapasua watu siku mbili wamevaa rangi ya waridi! Kuomba radhi kwa mdomo hakuweza. Kila daktari alikuta leso mpya mfukoni mwa koti lake, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe. Hakuna aliyemfokea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana vijana wa siku hizi wanadhani mambo mazuri yalianguka tu kutoka darini.

Tulikuwa na mashine ya kunyoosha mashuka: rola mbili za moto zinazunguka, unazilisha shuka kwa mikono, zinalivuta. Haikuwa na kinga yoyote. Mwaka wa nane wa Kimya ilikula vidole viwili vya mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, mchana kweupe, sote tunaona. Tukapanda ofisini kwa mganga mkuu wa wakati ule, watu thelathini na wawili, kila mtu anapiga kelele zake. Akasema hasikii kitu. Tumchague mmoja aje kumweleza Jumatatu, na asipokuja mtu, mashine itawashwa vilevile ilivyo. Tukamchagua Kimya. Aliijua ile mashine mpaka skrubu ya mwisho, na ndiye peke yake aliyekuwa hajawahi kugombana na mtu.

Akatoweka!

Nilimpata Alhamisi nyuma ya boila. Amehamishia huko meza yake ya pasi, jasho linamtiririka mpaka viatuni. Nikamwambia, "Toka huko, shujaa, watu wanakusubiri." Akanijibu, "Dada, mimi ni kitinda mimba. Hata nyumbani natumwa chumvi na wadogo wa mke wangu. Tafuteni mtu."

Nilicheka nikashika ukuta. Jumapili ile tu tulikuwa tumesomewa habari za Gideoni wa Maandiko: anapura ngano yake shimoni, pale pa kukamulia zabibu, asionwe na maadui, na malaika anamjia huko huko mafichoni na kumwita shujaa. Na yeye anajitetea vivyo hivyo, eti ukoo wake ni dhaifu na yeye ndiye mdogo wa nyumba. Nikamwambia Kimya, wewe ni Gideoni mtupu, umekosa ngano tu. Kumbe nimemfungulia mlango. Akasema, "Basi na mimi nitaomba ishara kama yake." Akatandaza blanketi la sufu katikati ya sakafu ya chumba cha kukaushia. Kesho yake asubuhi blanketi likiwa limelowa na sakafu ni kavu, ataenda.

Jamani! La Gideoni lililowa kwa umande wa nje; umande utaingiaje chumba cha kukaushia? Mwenye ufunguo wa kufungua asubuhi nilikuwa mimi. Ijumaa nikawahi, nikalimwagia maji jagi zima, lile la kupimia sabuni, nikapangusa sakafu kwa kanga yangu. Naam, niliwatendea malaika kazi yao, na sikuona haya, maana usiku kucha niliota vidole.

Kimya akaja, akaliinua blanketi, akalikamua, akaniangalia. Akasema Gideoni aliomba mara mbili. Kesho blanketi liwe kavu na sakafu ndiyo ilowe.

Hiyo rahisi, nikasema moyoni. Jumamosi nikajaza ndoo, nikafungua mlango. Maji yalikuwa yameshatangulia! Bomba lilipasuka, sakafu nzima inameremeta ukuta hadi ukuta, na katikati lile blanketi limekaa kavu kama lilivyowekwa. Nikasimama pale mlangoni na ndoo yangu imejaa, sina pa kumwaga. Kimya akaja, akaona, akaenda zake, na habari ya bomba sikumwambia. Baadaye fundi bomba alikuja na maelezo yake, kwamba sakafu ile imeinuka kidogo pale katikati. Sawa, fundi. Nilikushukuru, nikakupa chai.

Jumatatu sote thelathini na wawili tulikuwa tayari kupanda. Kimya akakataa. Mwenye hofu abaki, mwenye mtoto anayenyonya abaki, na wenye kelele wabaki, hapo akiniangalia mimi. Akaondoka na wawili tu. Hakutoa hotuba. Alimwomba mganga mkuu ashuke naye mpaka kwetu, akaiwasha ile mashine, akampa shuka bichi na kumwambia, "Mkubwa, tulishie hili moja." Mganga mkuu akasogeza mikono. Joto likampiga, shuka likaanza kuvutwa, akaliachia na kuruka nyuma. Kimya akazima. Mashine haikuwashwa tena mpaka ilipofungwa kinga ya chuma na kamba ya kuizima ghafla. Yule mama wa watoto wanne akarudishwa kazini kwenye dawati la kupokea nguo, na akalikalia mpaka alipostaafu.

Kimya wakampa usimamizi siku hiyo hiyo, akaushika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake, kwa uangalifu mno. Amefundisha madobi zaidi ya mia. Mara tatu wametaka kumpandisha aende ofisi za juu, mara tatu amekataa. Mwaka huu wakamwambia amweke mwanawe mahali pake. Akasema mwanawe apeleke maombi kama watu wengine, na msimamizi madobi wamchague wenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona, maana sikutaka aondoke na uongo wangu. Nikamweleza habari ya jagi. Akacheka sana. "Dada, lile blanketi lilinuka sabuni ya unga. Tangu lini umande ukanuka sabuni? Ndiyo maana niliomba mara ya pili. Na ya pili nayo nikajua ni wewe. Nikasema, mtu mzima akidamka mara mbili kunimwagia maji, basi nimeitwa, siwezi kukataa tena."

Nikamwambia, ya pili sikuwa mimi. Nikamsimulia ndoo na bomba.

Akakaa juu ya magunia ya mashuka. Mtu wa miaka sitini, kakaa pale, mikono magotini, machozi yanamtoka na anacheka papo hapo. Miaka ishirini na sita alidhani ameitwa na mimi tu.

Baba, hospitali hii inakushukuru, na sisi madobi tunakushukuru zaidi ya hospitali. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mke mwenye subira. Ijumaa saa nane tutazima mashine zote, tupange mstari tukupe mkono mmoja mmoja. Tuko thelathini na tisa sasa. Tangu Jumatatu ile hakuna aliyepungukiwa kidole, kwa hiyo jiandae: vitakubana vyote.