Kosa la Paka

Seremala alipiga chafya ya saba kabla basi halijatoka kituoni. Mshonaji wa kiti cha nyuma alikuwa akihesabu, kwa kukosa la kufanya.

“Pole, kaka. Mafua?” aliuliza dobi, dada wa mtaani kwao, aliyekaa na seremala.

“Mafua gani ya kila mwaka miti ikichanua? Daktari kasema aleji. Nikajua tu ni paka wa mke wangu, nikamgawa.”

“Shuka mnaanika wapi?”

“Naanika mwenyewe, chini ya mti wa maua. Zinanukia!”

“Basi unalala na vumbi la maua, kaka. Msimu huu anika ndani.”

Mshonaji aliona paka alihukumiwa bila kusikilizwa.

Basi liliposimama, seremala aliinuka, akafuta macho.

“Dada, ukikutana na mke wangu, mimi na wewe hatujaonana.”