Faida Tuliyokwisha Kuinywa

Pale Nyamisati, karibu na gati, kuna mtumbwi uliooza ambao wenyewe waliupindua kifudifudi ukawa benchi. Wakaaji wake hawabadiliki. Yupo Ukasha, anayeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Yupo Amri, fundi wa mashine za boti, wakamwita Spana. Na yupo Mfaume, mwenye boti ya abiria iendayo Mbwera, ambaye ndiye Rubani. Ismaily huwamiminia kahawa. Asubuhi hiyo Mfaume alikuwa na siri. Baada ya adhuhuri mtu wa Ikwiriri angekuja kununua mashine ya boti yake, na kijiwe kilikuwa hakijui.

— Mmesikia redioni? alianza Waziri. Kuna kampuni ya ndege huko ng'ambo inasahihisha hesabu zake. Mwaka jana ilitangaza faida, sasa inasema, samahanini, ilikuwa hasara.

— Wezi hao, alisema Spana.

— Wezi wapi! Walipatana na muuza mafuta bei moja ya mwaka mzima, wakiogopa yasije yakapanda. Kweli yakapanda, wakajiandikia faida. Mafuta yenyewe hata hawajayachoma! Bei ikaporomoka, nao wamefungwa na ile ile ya zamani. Sasa serikali yao inawapa msaada.

Mfaume alipaliwa na kahawa. Habari hiyo ilikuwa yake mwanzo mpaka mwisho. Yeye naye alipeana mkono na muuza petroli wa Kibiti, bei moja kwa msimu mzima. Petroli ilipopanda, alijiona mjanja kuliko wote, akanywesha kijiwe kahawa na kashata wiki nzima. Kisha ikashuka. Boti nyingine zikapunguza nauli, yeye hakuweza, na abiria wakamkimbia.

— Mafuta hayashuki yenyewe, Spana alisema. Kuna mzungu mmoja ameshika koki. Akisikia mtu amepatana bei, anafungulia!

— Ndege ni bendera ya nchi, Waziri akadakia. Ikianguka kampuni, rais wao asafiri na nini?

— Apande boti, alisema Ismaily.

— Halafu ndege haili mafuta yote hayo, bwana. Mimi fundi, nawaambieni. Ikishafika juu wanazima mashine, inaserereka. Yanayobaki wanauzia huko huko mawinguni.

— Spana, acha fiksi! Wanamuuzia nani?

— Ndege zinazopanda!

Kijiwe kikacheka, Mfaume akajikuta anacheka nao, mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Ndipo Ismaily akashusha birika.

— Hebu ngojeni. Ile kahawa ya wiki nzima, si ilikuwa faida ya Rubani? Kama faida haikuwepo, nyinyi mlikunywa nini?

Waziri akaweka kikombe chini.

— Basi hesabu isahihishwe, alisema.

— Itapikeni, basi! alisema Ismaily.

Mfaume alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakukauka upesi. Aliwapenda watu hawa, na ilimuuma kuwaficha.

— Mashine naiuza, jamani. Mnunuzi anakuja leo.

Spana aliitazama ile boti gatini, yenye mashine aliyoifungua na kuifunga kwa mikono yake miaka yote.

Mwanamke akaja kutoka barabarani, kapu mkononi lililofunikwa khanga mpya.

— Asalaam aleikum. Mimi Hafsa, mama yake Muzdalifa aliyeolewa kule vijijini ndani, Mbwera. Amejifungua jana. Hawa wa boti za bei rahisi wananiambia zao zinaishia mdomoni mwa mto, mkondo mdogo haziingii. Anaingia Rubani peke yake. Eti, boti yake inaondoka saa ngapi?

— Waaleikum salaam, dada, alijibu Waziri. Hongera ya mjukuu.

Mzungu wa koki walimjua, rais na bendera yake walimjua, ila hili la saa ya boti hakuna aliyeliweza. Hafsa akakaa mwisho wa mtumbwi, kapu mapajani, anangoja jibu.

Simu ya Mfaume ikaita. Mtu wa Ikwiriri. Aliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza. Kule gatini maji yalikuwa yanajaa.

Waziri akainuka, akajipangusa suruali.

— Hata mimi nina jamaa zangu Mbwera.

— Jamaa gani? Spana aliuliza. Wewe mtu wa Mahege!

— Nitawapata huko huko. Nauli ni ile ile ya zamani, Rubani?

— Ile ile.

— Haya.

— Mimi naenda kuisikiliza mashine, alisema Spana. Na nauli nalipa.

Ismaily aligeuza birika. Halikutoa hata tone. Akaliweka chini, akawafuata.

— Jamani, Hafsa aliita, mbona hamnijibu? Saa ngapi?

Mfaume alilichukua kapu la Hafsa.

— Sasa hivi, dada. Twende.