Mayai Mawili ya Mutheu

Kwa Ishmael muuza kahawa, pale mtaani Makina, benchi ni moja, lakini tangu matokeo ya kura yatangazwe watu wanakaa miishoni. Wajaluo huku, Wakamba kule, na katikati pengo la kutosha birika na jiko lake. Linaniudhi sana, maana hapo ndipo nilipozoea kukaa. Asubuhi hii ya Januari, Kaloki akapigiwa simu: dadake Mutheu, mke wa Okeyo, amejifungua mapacha wa kike huko Kawangware, alikokwama barabara zilipofungwa. Kahawa ikaagizwa kwa wote. Tulifurahi, jamani, tulikuwa tumesahau habari njema.

— Mapacha ni wa kwetu, Okeyo akaringa. Babangu ni pacha.

— Kwani babako ndiye alitoa mayai? Kaloki akamjibu. Nimeongea na nesi. Amesema ubongo wa mwanamke unatuma homoni, inaambia ovari iivishe yai moja. Sasa wengine wamezaliwa na homoni ya kelele, ama ovari ya masikio mazuri. Yanaiva mawili! Ni kitu ya kurithi. Mutheu ameitoa kwetu.

— Kwa hivyo watoto ni wako?

— Mayai ni yetu. Mama yetu anataka wapelekwe kwake Machakos mpaka kutulie.

— Thubutu! Watoto wangu wanakuja kwangu Kambi Muru.

Nikaona benchi litawaka. Osewe, muuza mitumba wa soko la Toi tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani, akaingilia.

— Wasee, sikizeni. Kila mwezi mayai yanapiga kampeni, moja linashinda. Hii mara yote mawili yamejitangaza mshindi.

— Na hakuna limekubali kushindwa? nikamuuliza.

— Hakuna!

— Na hayakuchoma kitu?

— Wapi! Yamekaa nyumba moja mpaka leo.

Tulicheka hadi Ishmael akamwaga kahawa. Naye akadai ni tangawizi ya kahawa yake iliyoleta mapacha, maana Mutheu alikuwa mteja.

— Basi bibi yangu, anayeinywa kila siku, angezaa timu ya mpira, nikamwambia.

Okeyo hakuwa amemaliza.

— Kaloki, hawa ni wasichana. Nesi hakusema baba pia anapitisha hiyo kitu kwa binti zake?

— Alisema, Kaloki akakubali shingo upande.

Hapo Seline, muuza samaki wa omena, akafika na kikombe chake.

— Hongera, baba mapacha! Wanafanana na nani?

 Ishmael akachungulia birika. Hakuna aliyekuwa amewaona. Okeyo aliogopa vijana wa vizuizi vya njia ya Kawangware, wanaouliza jina kwanza ili wajue kabila. Kaloki aliogopa wa huku kwetu, wanaouliza vilevile.

Okeyo akasimama, akavuka pengo, akamshika shemeji yake mkono.

— Twende. Kizuizi cha hapa naongea mimi. Cha huko utaongea wewe.

— Na Machakos?

— Kwanza tuwaone. Mutheu mwenyewe atasema.

Wakaenda. Nikakaa katikati ya benchi, nikamalizia kahawa yao.