Jumatatu Ishirini na Tatu za Mwalimu Betri

Ndugu waombolezaji, walimu, wazazi na wanafunzi, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, nami mdogo wake nimepewa kuisoma, kwa kuwa kaka ameona sauti yake haitafika mwisho wa ukurasa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Betri kwa sababu mifuko yake haikukosa betri za vifaa vya kusikilizia vya wanafunzi wasiosikia vizuri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1981, na huko alionja kipigo mapema, kwani herufi zilimchanganya, b akiiona d, hata tarehe 9 Julai 1984 mwalimu wake wa darasa la nne akamzaba kofi mbele ya wenzake, ngoma ya sikio la kushoto ikapasuka, damu ikachuruzika hadi kwenye kola nyeupe, naye akaamriwa kumalizia aya akiwa amesimama vilevile. Baba yake aliifua kola ile kwa mikono yake, doa likagoma, akaifumua, akashona mpya, akamwambia, "Mwanangu, wewe si mjinga, huyo anayekufundisha ndiye aliyeishiwa maarifa."

Alimaliza sekondari, akaingia chuo kikuu mwaka 1994 kusomea elimu maalumu, na huko, kwenye foleni ya maktaba, mwanafunzi mmoja wa hisabati alimnong'oneza neno la mapenzi upande wa kushoto, asijibiwe, akakaa wiki tatu akijihesabu mtu aliyekataliwa, mpaka binti mwenyewe alipomsimamisha na kumuuliza, "We kaka, nimekukosea nini, mbona siku hizi unanipita kama nguzo ya umeme?" Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1998, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 2000 na wa kike mwaka 2004.

Tarehe 1 Oktoba 1998 aliajiriwa katika shule ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, akapewa stoo ya madawati mabovu, akaigeuza kuwa chumba cha vifaa saidizi, chenye mashine za Breli alizozifungua na kuzifunga mwenyewe, lenzi za kukuza maandishi, na kompyuta za kuwasomea kwa sauti wale ambao herufi ziliwachezea kama zilivyomchezea yeye. Alizoea kuwaambia wageni kwamba chumba kile kina kila kitu isipokuwa fimbo.

Mumewe angependa kuliruka fungu linalofuata, lakini marehemu aliyaandika makosa yake kwa kalamu nyekundu, na si haki kumfutia leo. Tarehe 6 Mei 2024 alimkabidhi binti wa miaka kumi na moja, ambaye hajapata kusema tangu azaliwe, kishikwambi chenye picha mia moja na ishirini, kila picha ikibonyezwa hutamka neno, na kwa kuwa sauti ya kiwandani ilitamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi kinywani, alirekodi maneno yote kwa sauti yake mwenyewe. Yalikuwamo chakula, choo, asante, nimefurahi, pumzika, lakini halikuwamo hata moja la kumshtaki mtu, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtoto yule ana wa kumshtaki. Kila Jumatatu, akirudi bwenini kutoka kwao, binti alibonyeza chai, moto, chai, moto, na Mwalimu alikwenda jikoni akamletea kikombe cha moto, binti akalia, akakisukuma, na Mwalimu akaandika kwenye daftari: ameomba chai tena, nimempa, amekataa. Daftari lina Jumatatu ishirini na tatu za namna hiyo.

Tarehe 20 Januari 2025 kikombe kilimwagika, Mwalimu akainama kumfuta, kola ya binti ikashuka, na chini yake kulikuwa na malengelenge mabichi juu ya makovu ya zamani, kutoka shingoni hadi katikati ya mgongo. Mchana ule alirekodi maneno mapya thelathini na manne, nimepigwa, nimechomwa, nani, birika, mgongo, sitaki, msaada, na mkuu wa shule alipomwambia, "Mama, unamfundisha mtoto kushtaki wakubwa," alijibu, "Mkuu, mimi nilimfundisha kuomba chai, na ona tulipofika." Binti alimtaja baba yake wa kambo, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alikamatwa, kisha akaachiwa kwa dhamana.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mtu huyo aliingia kwenye chumba cha vifaa na nondo mkononi, akauliza, "Kiko wapi hicho kidude kinachonitukana kwa watu?" Mwalimu alimlalia binti pamoja na kishikwambi chake, nondo ikamvunja mkono mara mbili, ikavunja mbavu tatu, ikarudi kichwani hata fuvu likaingia ndani, na binti, akiwa chini yake, alibonyeza msaada, msaada, msaada, kwa sauti ya Mwalimu, ilhali Mwalimu mwenyewe hakuwa na fahamu tena. Mfagizi alisikia akiitwa na mtu anayemjua, akaja na ndoo ya chuma, akampasua nayo yule mtu usoni, na wanafunzi wanne wa useremala wakamkalia mpaka polisi walipofika.

Tarehe 19 Februari binti alitoa ushahidi, na wakili wa mshtakiwa alisema, "Mheshimiwa, maneno ni ya mwalimu, sauti ni ya mwalimu, mtoto huyu ni kidole tu." Hakimu aliagiza daftari lisomwe, Jumatatu zote, kisha akauliza, ikiwa mwalimu ndiye aliyepanga maneno, basi kwa nini alimletea chai mara ishirini na tatu, na binti, bila kuulizwa, akabonyeza, "Mwalimu. Chai. Hajui." Ushahidi ulipokelewa, binti akakabidhiwa kwa shangazi yake, mshtakiwa akarudishwa rumande. Mumewe alimsimulia marehemu mchana uleule, kwenye sikio la kulia, naye, akiwa na mpira wa kupumulia kooni, alimbana kidole mara moja. Alifariki tarehe 2 Machi 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili atimize miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, wale maseremala wanne, na wewe mfagizi, dada yetu, uliyeitika.

Tuliulizwa kama sauti iliyo kwenye kile kishikwambi ibadilishwe, tukasema ibaki, na maneno yatakayopungua atayarekodi binti yetu. La kwanza amelirekodi jana mchana. Msomaji anakaa chini sasa, na mwanafunzi wa marehemu, aliye hapa mstari wa mbele, atabonyeza mara mbili, kwanza kwa sauti ya mama, kisha ya mwana.

Pumzika.

Kwa amani.