Nyasi za Reli Zimegoma

Benchi liliegemea ukuta wa kitalu cha miche, na vyungu vilipangwa kando yake kama wagonjwa wanaosubiri zamu. Humo zililala chali nyasi za porini, zile zenye mashuke ya rangi ya shaba, ambazo Bwana Miche aliziotesha kwa mbegu alizookota kando ya reli. Shinani zilikuwa zinaoza. Na mwenye hoteli aliyeziagiza alikuwa njiani kuja kuziona. Asiporidhika, oda inahamia kwa jirani. Bwana Miche alikuwa amefura mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

— Nimezilea kama vichanga! Samadi ya kuku nimetia. Udongo mweusi nimeubeba kwa mgongo wangu. Maji asubuhi, mchana, jioni. Zinanifia kwa kiburi tu!

— Ni vyungu hivyo vya plastiki, alisema Kinyozi, aliyekaa benchini na wenzake wakinywa kahawa. Jua likiwaka, mizizi inatokota.

— Wewe nyoa vichwa, kaka, alidakia Redio, fundi umeme aliyejua habari kabla hazijatokea. Tatizo ni ule mnara wa simu. Nyasi ni nyembamba kama waya, mawimbi yanaingia moja kwa moja.

— Mbona mchicha wake haujafa? aliuliza Kinyozi.

— Mchicha haushiki mtandao.

Walicheka, isipokuwa Bwana Miche.

— Ni husuda, alisema Bi Birika, muuza kahawa. Kuna mtu hapa ana kijicho, hata birika langu siku hizi linavuja.

— Husuda ya nini? Mimi simpunji mtu! Bwana Miche alilipiga benchi, vikombe vikaruka. Nikiahidi nyasi nzima, natoa nzima. Kumbe zenyewe ndizo hazina shukrani!

Kinyozi alisuuza kikombe chake, maji akayamwaga kwenye chungu cha karibu, kama walivyofanya wote kila siku, yasiende bure.

Mwenye hoteli akafika. Aliinama, akachomeka kidole kwenye udongo. Kikatoka na tope hadi kwenye pete.

— Habari zenu. Ndizo hizi?

— Ndizo, dada. Zimeumwa kidogo tu.

— Nilizipenda kule relini, kwenye kokoto na jua kali. Hivi kule nani huzimwagilia?

Bwana Miche alikumbuka ndoo yake nyuma ya ukuta, imejaa pomoni, inangoja zamu ya mchana. Akamtazama Redio, Redio akautazama mnara. Bi Birika, aliyekuwa ameshasuuza kikombe na kukiinua juu ya chungu, alibaki nacho hewani, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, hajui ayamwage wapi.