Herufi Tatu

Bajaji ilipotoka Pongwe, Asmaa aliinamia simu yake, ila masikio yote aliyaelekeza kwa abiria wenzake wawili. Dada mmoja alikuwa akimlalamikia mama wa makamo ambaye hata hakuwa akimjua. Shikamoo yenyewe ilikuwa haijapoa.

"Mume wangu Luqmani kachukua kompyuta yake kuukuu, kaijaza magemu ya zamani, kaiunganisha na tivii. Sasa ukishinda, inakuuliza jina ikuweke kwenye orodha ya washindi, nayo inapokea herufi tatu tu. Nimekwenda Pemba msibani, narudi, naiwasha, aliye juu ni ASM! Namuuliza, ananambia ni Asumani fundi."

"Si ndiye huyo Asumani, mwanangu?"

"Asumani gani huyo anayeacha harufu ya udi kwenye kochi langu?"

Asmaa akajivuta taratibu kuelekea kwenye upepo. Moyoni alitabasamu, maana kushika namba moja katika nyumba ya mtu si jambo dogo.

"Wivu utakuua," mama alisema. "Herufi tatu tu hizo!"

"Basi sikiliza. Juzi nimelala kwa mama, jana narudi, nawasha tena. ASM kashuka, yu wa pili. Juu kakaa NAS. Eti huyo naye ni Nasoro!"

Bajaji ikasimama Nguvumali. Asmaa alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Akaurudisha ndani.

"Samahani, dada," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka. "Huyo NAS ni nani?"